Vitabu vya Kuchemshia Maji

Mujukuu wangu aliniletea kaye mupya ya kuandikia na biki ya bulu, akaviweka mezani kando ya sahani yangu ya sombe, majani ya muhogo. Yeye ni mwalimu wa shule ya musingi hapa Bunia, na kila wiki anatafuta kitu kipya cha kusomea darasa lake.

«Koko, uandike vitabu gani ulipenda na gani vilikuchokesha. Na miziki pia. Watoto wangu wanafikiri kitabu iko ya watu wa université tu.»

«Vitabu vyangu niliisha kuvichoma vyote.»

«Acha michezo, koko.»

«Si michezo. Na weye ndiye uliyevinywa.»

Akacheka. Akafunga mutoto wake mugongoni na kikwembe, akafika mulangoni, kiisha akageuka kama mutu aliyesahau chumvi.

«Jumapili, siku ya Mungu, tunabatiza. Nimechagua jina. Nitamupa jina ya kwanza ya ule wimbo wako, jina ya koko mwanaume. Iko vizuri?»

Nikajibu iko vizuri. Sombe ilipoa mu sahani na sikuigusa tena.

Lile jina si la mume wangu. Leo ni Jumatano, siku ya Mungu iko karibu, na mudomo wangu unakataa kusema. Basi nitaandika kama alivyoniomba, vitabu na miziki, maana njia ya kufika kwa lile jina inapita humo humo.

Majina ya watu sitaandika. Si kwamba nimesahau. Ninayo yote: ya watu wa avenue yetu kutoka mutoni mpaka barabara kubwa, ya watoto wao, ya mbuzi wa jirani hata. Lakini hapa kwetu jina la nyumbani linasema mutu ni wa kilima gani, wa kabila gani, na mimi nimeona jina likifanya kazi ya panga.

Nilisoma miaka tatu tu. Mwaka wa ine baba alisema binti anayejua kuandika jina lake amemaliza masomo, akanitoa. Kusoma kwenyewe nilijifunza baadaye, kwa masista, ambako nilipiga pasi nguo zao nyeupe kwa miaka mingi. Pasi ilikuwa ya makala. Unaweka makala ndani, unapepea, unangoja ishike moto vizuri. Mu kungoja kule ndimo nilisoma. Masista walikuwa wakitupa vitabu vilivyoliwa na muchwa, na sista mukubwa alisema nibebe nikitaka. Kwa hiyo vitabu vyangu vingi vilikosa mwanzo, ao vilikosa mwisho. Nilizoea. Mutu pia unamukuta katikati, na unamuacha kabla hajamaliza.

Vilikuwa sita, mu sanduku ya mbao chini ya kitanda.

Nitaanza na kile nilichokichukia. Kilikuwa kitabu cha mashauri kwa mwanamuke wa nyumba. Kilisema mwanamuke asimame mulangoni na uso wa kucheka wakati bwana anatoka kazi, nywele zimechanwa, chakula kiko moto, watoto wamenyamaza. Nilikisoma chote juu hakuna aliyenizuia. Aliyekiandika ni mwanaume, na ni mwanaume ambaye hajapuliza moto hata siku moja. Mutu aliyepuliza moto wa kuni mbichi hawezi kuandika «uso wa kucheka».

Kingine kilikuwa hadithi ya binti mwuguzi na daktari. Wanapendana, wanagombana, wanaandikiana barua. Watu wote walikipenda. Nilikiazimisha kwa nyumba tano na kilirudi kila mara na mafuta ya mikono ya watu wapya. Mimi hapana. Kurasa mia mbili, na hakuna mutu anayepika. Hakuna anayeosha sufuria. Nilijiuliza: hawa watu wanaishi na nini? Kitabu ambacho watu wake hawali, siwezi kuwasikia njaa, na nisipowasikia njaa siwasikii kilio vilevile.

Cha hadithi za sungura nilikipenda nusu. Sungura anafurahisha, sikatai. Lakini ndani ya kile kitabu simba alikuwa mujinga kila mara, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na kila mara anadanganywa, anaanguka mu shimo. Wenye nguvu niliowaona mimi hawakuwa wajinga. Walijua sana kuhesabu nyumba.

Nilichokipenda kupita vyote kilikuwa cha kifaransa. Usicheke. Kifaransa changu ni cha kununua chumvi. Nilisoma kile kitabu kwa kukisia: neno moja nalijua, tatu siyajui, tena moja nalijua. Kulikuwa mwanaume, gare ya treni, mvua, valise, na «maman». Kwa miaka nane nilijua kwamba ni hadithi ya kijana aliyepotea na mama yake kwenye gare, anazunguka inchi yote akimutafuta, na valise ni ya nguo za mama. Nililia kwenye fasi zangu, mahali nilipochagua mwenyewe. Kiisha binti yangu wa mwisho, yule aliyesoma, mama wa huyu mujukuu, siku moja akakifungua na kunisomea.

«Mama, huyu mutu anauzisha nyumba.»

«Na mama yake?»

«Mama yake alikufa zamani, mbele ya kitabu kuanza. Anauzisha nyumba yake.»

Sijaona hasira ya namna ile juu ya karatasi. Nilikirudisha mu sanduku wiki nzima. Kiisha nikakitoa, nikaendelea kukisoma kwa namna yangu.

Cha tano kilikuwa cha afya, chenye michoro ya nzi na choo. Nilikiona kikavu sana. Cha sita kilikuwa kitabu cha nyimbo za kanisa, na nitasema juu ya kurasa zake nyeupe za mwanzo tu: humo, kama wanavyofanya Wakristo wote wa huku, tuliandika watu wetu. Siku ya ndoa yetu. Watoto wanane waliozaliwa. Watatu waliokufa, na musalaba mudogo kando. Kiisha wajukuu. Mume wangu alikuwa wa upande mumoja wa ile vita ya makabila iliyokuja baadaye na mimi wa upande mwingine, ingawa siku tulipooana hakuna aliyeita zile pande. Watoto tuliwagawanya majina: huyu wa kwao, huyu wa kwetu, na kila mumoja jina lake la ubatizo. Mutu aliyesoma ule ukurasa alijua yote juu yetu.

Sasa miziki.

Mume wangu alikuwa na radio ya kaseti na alipenda rumba. Mimi nilipenda rumba mpaka katikati. Mwanzo unaingia polepole, sauti mbili zinashikana, gitaa inalia kama mutu anayekukumbusha ahadi. Kiisha, wakati moyo umefunguka, mwimbaji anaanza kuita majina. Ndiyo libanga. Mufanyabiashara amelipa, mwimbaji anatupa jina lake mu wimbo. Mukubwa wa forodha amelipa, anatupa. Bibi ya fulani. Nilikuwa nasema na mume wangu:

«Huyu anaimba mapendo ao anasoma liste ya harusi?»

«Weye unasikia wivu tu,» alisema. «Hakuna anayekutupia libanga.»

«Basi nitajitupia.»

Na nikifika mu kinu, nikianza kutwanga sombe, naimba kwa sauti ya wale waimbaji, na mukono kwenye shingo kama wao, natupa majina ya nyumba yangu. La mume wangu kwanza. Kwetu mwanamuke haiti bwana wake kwa jina. Unamuita baba ya fulani. Lakini mu wimbo si weye unayeita, ni wimbo. Kiisha watoto wanane kwa kufuatana, hata wale watatu, maana kwangu anatupwa asiyelipa, na aliyekufa pia hajalipa. Mume wangu alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Alikufa na ugonjwa wa kifua mbele vita haijafika mu muji. Watu walinipa pole. Baadaye walisema alikuwa na bahati.

Korali ya parokia niliipenda mpaka siku waliponunua kinanda ya umeme. Tangu siku ile ngoma ikawa kama mugeni asiyepewa kiti. Hayo ni mawazo yangu na siyabadilishi.

Nimekwisha kuandika kurasa nyingi, na bado sijafika.

Ile juma ya mapigano, binti yangu wa mwisho alikuwa ametoka kwenda Tchomia, kwenye ziwa, kununua samaki ya chumvi ya kuuzisha. Alifanya hivyo kila wiki mbili. Aliniachia mutoto wake wa miaka ine. Alitoka Jumatatu asubuhi na alisema Jumatano atakula kwangu. Jumatano barabara ikafungwa, na muji ukaanza kubadilisha wenye kuushika. Asubuhi hawa, jioni wale. Kila waliofika walikuwa wanatafuta wa upande mwingine, na nyumba yangu ilikuwa na pande zote mbili ndani ya mutoto mumoja.

Mutoto akaanza kuhara. Mara ya kwanza nilisema ni muhogo. Mara ya tano nilimulaza chini, nikamutazama. Macho yake yaliingia ndani na ngozi ya tumbo, nikiifinya, ilibaki imesimama.

Watu wa avenue walikuwa wanakimbilia kwenye uwanja wa ndege, maana kulikuwa waaskari wa kigeni. Jirani yangu wa ukuta mumoja alipita na godoro kichwani na bidoni tupu ya maji mukononi.

«Mama, beba mutoto twende.»

«Nitamubeba namna gani? Anatoka maji kama bomba iliyopasuka. Kule watu wanalala juu ya wenzao, atakufa mbele ya jioni.»

«Na hapa watakukuta.»

«Hapa mama yake pia atanikuta. Nikitoka, atatutafuta wapi?»

Alinitazama. Kiisha akaweka godoro chini, akafungua kikwembe kiunoni, akanipa sukari yake, glasi moja iliyofungwa mu plastiki.

«Usiseme nilikuacha mikono mitupu,» akasema.

Nilikumbuka kitabu cha afya, kile nilichokiita kikavu. Nikakifungua kwenye fasi ya kuhara. Litre moja ya maji yaliyochemka, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Mutoto anywe kidogo kidogo, hata akitapika. Sijasoma wimbo wa kanisa kwa moyo ule. Nilisoma na kidole, kama mutoto wa shule, mpaka kikaingia.

Sukari nilikuwa nayo. Chumvi nilikuwa nayo. Maji yalikuwa ya mutoni Nyamukau tu, na watu waliotoka upande wa juu walisema mambo juu ya yale maji ambayo sitaandika. Ilipaswa kuchemsha. Na makala hakukuwa. Makala yetu yalikuwa yanatoka Djugu juu ya vélo, yaani baiskeli, na tangu siku nyingi hakuna vélo iliyoshuka. Miti ya lupango, ua wangu, ilikuwa imekwisha kung'olewa. Kiti kimoja nilikuwa nimechoma, na muti wa kutwangia, na nilitazama mulango, lakini mulango ni mulango.

Nikavuta sanduku.

Cha kwanza kilikuwa cha mashauri, wala sikufikiri mara mbili. Nilipasua kurasa, nikazisokota kama kamba ngumu, maana karatasi iliyo wazi inawaka na kufa mbele sufuria haijajua. Nilipanga zile kamba mu mbabula, jiko la makala, na nikapuliza. Uso wa kucheka uliwaka vizuri kabisa. Kitabu kizima kilichemsha sufuria moja, na nilisema asante kwa yule mwandishi, mara ya kwanza na ya mwisho.

Siku ya pili nilichoma mwuguzi na daktari wake. Kilikuwa kikubwa lakini karatasi zake zilikuwa za kung'aa, na zile za kung'aa zinatoa moshi mweusi, zinanuka, hazitoi moto. Maji yalipata joto tu. Nikaongeza sungura juu yake. Ndipo yakachemka, yakaruka. Mutoto alikunywa kijiko, akatapika, nikangoja, nikampa kijiko. Nilikuwa sijala tangu juzi yake, lakini kijiko hakikumwaga.

Siku ya tatu nilishika kile cha kifaransa. Hapo nilikaa. Nilikifungua kwenye gare, kwenye mvua, kwenye «maman». Nilikuwa na kijana wangu ambaye hayuko mu kitabu, anayemutafuta mama yake mwenye kuwa amekufa mbele ya kitabu kuanza. Na mutoto kwenye mukeka akauliza:

«Koko, mama iko wapi?»

«Anakuja na samaki.»

Nikapasua. Na mchana wa siku ile ile nikachoma cha afya. Nilifanya kwanza kama mwanafunzi: nilifunga macho na kusema yote, litre moja, vijiko sita, nusu kijiko. Nilipoona nimeshika, nikakisokota kichemshe yale maji ambayo chenyewe kilisema yachemshwe.

Siku ya ine mutoto hakuinua kichwa. Alikuwa anatazama fasi moja ya ukuta. Nyimbo za kanisa ndizo zilibaki.

Nilianza na nyimbo za Kwarezima. Hizo hatukuzihitaji tena. Kiisha za Noeli. Nilizisokota moja moja na kila moja niliimba mustari wake wa kwanza mu moyo, nikaitia moto, nikachukua inayofuata. Sufuria ilianza kusema ssss pembeni, lakini katikati maji yalilala. Zikabaki kurasa nyeupe za mwanzo, ambazo hazikuwa nyeupe.

Watu wa parokia wananiambia mpaka leo: koko, ulikuwa na akili kuchoma majina kabla ya wale watu kufika. Hapana. Sikufikiri wale watu. Nilikuwa na sufuria iliyokataa kuruka.

Niliogopa kitu kingine. Niliogopa kama nikifa, na mama yake asiporudi, huyu mutoto hatajua ametoka wapi. Basi nikamuinua kichwa juu ya goti langu na nikamuimbia libanga yangu, ile ya kinu. Jina la koko wake mwanaume kwanza, kiisha wote wanane, kiisha yeye. Polepole. Nilisema, imba na mimi. Akasogeza midomo. Tukaimba tena. Nilifanya hivyo mpaka niliposikia anatangulia mimi kwa jina moja, na hapo nikatia ule ukurasa chini ya sufuria. Maji yaliruka. Nikayaipua, nikapima, nikakoroga.

Lakini moshi wa karatasi ni mweupe, na avenue nzima hakuna mupishi mwingine. Waliona.

Walikuwa watatu. Hawakupiga mulango, waliusukuma, na ulikuwa ungali mulango kwa sababu sikuuchoma. Yule wa mbele alikuwa na koti ya mvua ya mwanamuke na bunduki. Wawili walibaki lupangoni.

«Koko, weye na nani?»

«Mimi na mujukuu. Anahara, usikaribie.»

«Bwana yako wapi?»

«Mu kaburi.»

«Wa kabila gani, huyo wa mu kaburi?»

«Sasa ni wa kabila ya udongo.»

Mumoja wa nje alicheka kidogo. Yule wa koti hakucheka.

«Karte ya kujitambulisha?»

«Nilipoteza zamani, mu kukimbia.»

Akavuta sanduku kwa muguu. Akaifungua, akaipindua.

«Sanduku ya nini, haina kitu?»

«Ya vitabu.»

«Vitabu viko wapi?»

Nikaonyesha mbabula. Majivu yalikuwa yangali na maumbo ya kurasa, ungeweza kufikiri unaweza kuyasoma, ila ukigusa yanaanguka. Akayasukuma na mudomo wa bunduki. Hakukuwa karatasi moja mu ile nyumba yenye kusema siye ni nani. Nilisema moyoni, imekwisha, watatoka.

Na mutoto, kwenye mukeka, akaanza kuimba.

Alikuwa amefanya vile nilimufundisha. Sauti ndogo sana, kavu, lakini jina lilitoka wazi. Lilikuwa la mume wangu, jina lake la nyumbani, la kilima kile kile walichokuwa wanatafuta. Karatasi nilikuwa nimeitoa mu nyumba, na maneno yake nilikuwa nimeyaweka mu kinywa cha mutoto.

«Anaita nani?» akauliza yule wa koti.

Sijui mikono yangu ilifikiri nini. Ilichukua kifuniko cha sufuria na kijiko, ikapiga. Nikaimba juu ya sauti yake, kwa nguvu yote, kwa sauti ya wale waimbaji wa rumba niliowacheka miaka yote. Nilitupa majina. Fundi wa nguo. Mwuzishaji wa petroli. Katekista. Mwenye musikiti mudogo wa nyuma. Mama wa mandazi. Wa vilima vyote, wa ziwa, wa Iga Barrière, wa Kpandroma, wachimba zahabu Waislamu waliopanga kwa jirani, wote waliokuwa wamekwisha kukimbia, mumoja juu ya mwingine, mpaka hakuna mutu angeweza kutoa jina moja mu ile takataka ya majina na kusema hili ndilo. Mutoto alinyamaza. Nadhani alishangaa. Mimi sikunyamaza.

Yule wa nje alikuwa sasa anacheka kabisa, ameegemea ukuta kama mume wangu.

«Koko anatupa libanga. Hawa wote walikulipa ngapi?»

«Mumoja alinilipa na sukari,» nikasema, na nikaendelea kupiga.

Yule wa koti alishusha bunduki. Uso wake ulibadilika, nikaona kama yeye pia alikuwa amekaa siku moja kando ya radio.

«Tupa na yangu,» akasema.

«Jina gani, baba?»

Hakunipa jina la vita. Alinipa la ubatizo, la mutakatifu, ambalo linaweza kuwa la mutu wa kilima chochote. Nikalitupa.

«Si mwisho. Weka kwanza. Mukubwa anatupwa kwanza.»

Nikaanza wimbo upya. Nikaliweka pale mwanzo, fasi ya mume wangu, na sauti ya pale pale. Akaniomba tena. Mara tatu niliimba, na mara ya tatu mutoto wangu kwenye mukeka, juu alikuwa amefundishwa siku ile kwamba nikiimba aimbe, akaimba na mimi. Lile jina kwanza. Yule mutu akamutazama na akatabasamu, ndiyo, alitabasamu, na akachukua kikombe, akachota mu sufuria yangu, akanywa. Akachota tena, akawapa wenzake nje.

«Maji yako iko na sukari,» akasema. «Uko tajiri.»

Walitoka. Mu sufuria kulibaki kidogo, kama kikombe kimoja. Nilimupa mutoto kijiko kwa kijiko mpaka jua likageuka. Jioni alikojoa. Mutu ambaye hajangoja mukojo wa mutoto hajui furaha inaweza kuwa ndogo namna gani.

Mama yake hakurudi. Watu waliotoka barabara ya Tchomia walisema gari ilisimamishwa. Wengine walisema hapana, alipanda mutumbwi akavuka. Sikupata nguo yake, wala sikupata mutu aliyemuona kwa macho. Nani alisimamisha ile gari, sijui. Labda yule wa koti, labda hapana. Yeye namujua kwa kitu kimoja tu: alikunywa maji ya mutoto wangu na alichukua fasi ya mume wangu mu wimbo.

Tangu siku ile sikuimba tena libanga. Nilinunua muti mupya wa kutwangia na nilitwanga kimya. Nilifikiri mutoto wa miaka ine anasahau. Hakusahau. Nadhani aliufunika ule wimbo, kama unavyofunika kaa la moto na majivu ili kesho usiombe moto kwa jirani. Niliusikia juma lililopita, nyuma ya nyumba, anaubembelezea mutoto wake. Majina manane yote yako, kwa kufuatana, hata mama yake, hata wale watatu. Sikutegemea kusikia tena yale majina kutoka kinywa kingine kuliko changu. Na mbele yao wote, wazi, kwa sauti ya mapendo, yule mutu. Karatasi ya kumusahihisha haiko, niliichemshia maji. Hapa Bunia kuna mimi tu.

Nimemuuliza Mungu kama ni dhambi kubwa kumuacha yule mutu mu wimbo. Ni jina la mutakatifu. Mutoto atakua nalo, atalisahihisha yeye na maisha yake. Lakini kiisha naona mume wangu ameshika ukuta anacheka, na najua kama nikifa na hii, atakuwa amekufa mara mbili, na mara ya pili nimemuua mimi kwa kifuniko cha sufuria.

Hii kaye haitasomwa mu darasa. Utanisamehe, mwalimu. Kama unataka kitu cha kuwaambia watoto, waambie kile cha afya ndicho kilikuwa kitabu kizuri, na mimi nilikiona kikavu.

Ukurasa wa mwisho nimeupasua. Nimeandika juu yake jina moja, la bwana wangu, ambalo kinywa changu kwa desturi hakiliiti. Nimelitazama sana, sikuwa nimeliona limeandikwa tangu ile asubuhi ya sufuria. Nimeukunja mara ine na nimeuweka chini ya sahani yako, ile ya bulu. Kesho ukija kula utainua sahani.